Ufunguo wa Kabati la Bunduki



Ndugu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu ambao ndio wenye ukurasa huu: wiki hii tumeombwa tuandike juu ya jambo ambalo hatukupata kuligusa hata siku moja, nalo ni bunduki inayowekwa nyumbani kwa ajili ya mchezo wa kulenga shabaha. Aliyetuomba ni binti wa dada yetu, aliyeolewa Migori. Yeye na mumewe wameridhia habari ya nyumba yao isimuliwe, kwa sharti kwamba majina yasitajwe. Nasi tuna sababu ya pili ya kuandika, kwa kuwa katika kisa hiki tulikosea sisi wenyewe, na ni aibu kuwausia watu kwa makosa ya wengine huku ya kwetu tumeyafunika.

Mwezi wa Shawwal tulifunga safari kwenda kumzuru. Tulitoka Mombasa kwa treni hadi Nairobi, kisha tukapanda basi la usiku la kupitia Narok na Kisii. Alfajiri ilitukuta Rongo, na jua lilipochomoza tulikuwa Awendo, miwa imesimama pande zote mbili za njia. Migori ni mji wa mpakani na ni mji wa dhahabu. Ukishika barabara ya kusini unafika Isebania, na ng'ambo ya pili ni Sirari ya Tanzania. Ukielekea upande wa ziwa unafika Macalder, ambako mpaka leo watu huchimba dhahabu kwa mikono yao. Mkwe wetu ana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Ni kijana mpole, mwenye kuhifadhi Swala zake, na jamaa zetu hawajapata kumlalamikia tangu alipotuoa.

Usiku wa kwanza, baada ya Isha, alituletea kitu akituonyesha kwa furaha ya mtu anayeonyesha cheti cha mwanawe. Kilikuwa ni karatasi iliyochorwa maduara, limo ndani ya fremu ya kioo. Katikati ya maduara palikuwa na matundu matano yaliyokaribiana hata ungeweza kuyafunika yote kwa sarafu moja. "Sheikh," alisema, "hii ni kazi ya mkono wangu."

Hapo ndipo tulipojua kwamba ana bunduki, ya risasi ndogo za kipimo cha .22, na kwamba kulenga shabaha ndio mchezo wake. Alitueleza kwa kirefu, nasi tukiri kwamba tulisikiliza kwa hamu. Mchezo huu, alisema, si wa nguvu, ni wa utulivu. Unaweka kitako cha bunduki begani, unavuta pumzi, unaitoa nusu, unaizuia kidogo, kisha kidole kinakibana kifyatuo polepole, kiasi kwamba wewe mwenyewe usijue ni wakati gani hasa risasi itatoka. Ukikivuta kwa haraka, mtutu unayumba. Ukiwa na hasira, risasi inakwenda kokote. Katika mashindano ya Olimpiki ya bunduki ya upepo, mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha, na duara la kati lenye alama kumi lina upana wa nusu milimita tu. "Deni za duka zinaniandama mchana kutwa," alisema, "lakini nikishalenga, hakuna kinachonifikia."

Alitueleza pia sheria, naye anaijua vyema. Nchini Kenya bunduki haimilikiwi ila kwa cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Cheti hutolewa kwa jina la mtu na kwa silaha maalumu, na muda wake ukiisha lazima kihuishwe. Mwezi wa Desemba 2018 serikali iliamuru wananchi wote wenye silaha wakahakikiwe upya katika muda wa siku 90, naye alikuwa miongoni mwa waliopanga foleni. Kuwinda wanyama kwa mchezo kulipigwa marufuku nchini tangu 1977, basi bunduki yake haina kazi yoyote na mnyama. Hata anapokwenda Homa Bay na kupita karibu na Bonde la Lambwe, ilipo Mbuga ya Ruma ambayo ndiyo makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya, bunduki yake haihusiki na chochote kilichomo mle. Kazi yake ni karatasi tu, na karatasi hiyo huipiga penye uwanja wa shabaha uliokubaliwa. Kwa ajili hiyo husafiri hadi Kirigiti, Kiambu, mara moja kila miezi miwili, safari ya siku nzima kwenda na siku nzima kurudi.

Tulimpongeza. Tulimkumbusha kwamba mchezo huu una asili tukufu katika dini yetu. Allah ametuamrisha katika Suratul Anfal tuandae nguvu tuwezavyo, na imepokewa na Uqba bin Amir katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alieleza juu ya mimbari kuwa nguvu hiyo ni kurusha mishale, akalikariri neno lake mara tatu. Tulimhadithia jinsi alivyowapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga, akawahimiza kwa kuwa baba yao Ismail alikuwa mlengaji, akajiunga na upande mmoja. Upande wa pili wakasimamisha mikono wakiona haya kushindana naye, mpaka alipowaambia kuwa yuko pamoja nao wote. Tulimwambia kuwa Imamu wetu Shafi'i, ambaye sisi watu wa pwani tunafuata madhehebu yake, alikuwa mlengaji hodari katika ujana wake, akisifiwa kwamba katika mishale kumi hapotezi hata mmoja, na kwamba Imamu Nawawi katika Minhaji ameliwekea jambo hili mlango wake. Mkwe wetu uso ukamng'ara. Nasi tukaenda kulala tukidhani tumefanya kazi ya sheikh.

Asubuhi, mkwe wetu alipokwenda dukani, mpwa wetu alitukuta uani tukinywa chai. Aliketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mjomba, jana nilikusikia. Leo nisikie mimi."

Alitueleza kwamba bunduki imo chumbani mwao, katika kabati la chuma lenye kufuli, kama inavyotakiwa. Wiki mbili kabla ya Ramadhani alikuwa akifua kanzu nyeupe ya mumewe, akasikia kitu kimegonga beseni. Akatia mkono majini akatoa ufunguo. Mwanawe wa kwanza, mtoto wa miaka saba, alikuwa amesimama karibu akichezea povu. Mtoto akamwambia, "Mama, huo ni wa bunduki ya baba. Hukaa kwenye kanzu. Kanzu ikiwa chafu, hukaa ndani ya kiatu cha Idi."

"Mjomba," alisema mpwa wetu, "mimi mwenye nyumba nilikuwa sijui. Mtoto alikuwa anajua mahali pawili."

Alimwambia mumewe siku ile ile. Mumewe akacheka kidogo, akasema mtoto hawezi kulifungua kabati, na kwamba risasi ziko kwenye boksi lake. Boksi lenyewe limo ndani ya kabati lile lile. Tangu hapo mpwa wetu hulala usingizi wa mang'amung'amu, na mume akienda dukani hukagua viatu. "Mwambie aiuze," alisema. "Wewe atakusikia."

Ndugu wasomaji, tulilonalo tulilitoa. Tulianza tena na habari ya Aslam, na nguvu, na mlango wa Minhaji. Mpwa wetu alitusikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, hao waliokuwa wakirusha mishale mbele ya Mtume, wakirudi nyumbani mishale yao ililala wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tumesoma madrasa tangu tukiwa na miaka mitano, tumefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na swali la mama wa watoto watatu, aliyekaa juu ya mbuzi ya nazi, lilitunyamazisha. Tulimwambia atupe siku chache.

Siku ya tatu mkwe wetu alitualika tufuatane naye kwenda pande za Kehancha, katika nchi ya Wakuria, ambako alikuwa na mzee rafiki yake wa biashara. Wakuria ni watu wa upinde tangu kale, na mzee yule, ingawa umri umemwinamisha, bado anao upinde wake na podo lake. Mkwe wetu alitaka tuonje ladha ya kulenga. Bunduki yake hawezi kumpa mtu asiye na cheti, na hilo alilishika barabara. Lakini upinde, alisema, ni wa mzee, na mzee ameridhia.

Shabaha ilikuwa mgomba uliosimama pembeni mwa shamba. Mzee alitufundisha kushika, kuvuta upote mpaka kwenye shavu, na kuachia. Mshale wa kwanza uliingia katika shina la mgomba, ukakaa ukitetemeka. Vijana waliokuwapo wakapiga makofi. Hapo, tunakiri, kitu kiliingia moyoni mwetu. Tulijiona ni Shafi'i wa Kehancha. Tukachukua mshale wa pili bila ya kungoja kuambiwa, tukavuta kwa nguvu zaidi ya mara ya kwanza, tukaachia.

Mshale ulipita juu ya mgomba, ukaruka ua wa minyaa, ukatokomea. Tukasikia sauti ya mtoto, si kilio, ni sauti ya kushtuka. Nyuma ya ua palikuwa na njia ya miguu iendayo mtoni, na msichana mdogo alikuwa akipita na mtungi wa plastiki. Mshale ulichomeka ardhini hatua tatu mbele yake.

Alhamdulillahi, hakudhurika. Alisimama akiutazama mshale, kisha akaututazama sisi tulipotokeza mbio kwenye pengo la ua, mtu mzima mwenye kilemba na ndevu nyeupe, tukihema. Hatukuwa na la kumwambia ila kumwomba msamaha, na maneno yenyewe hayakutoka sawasawa. Magoti yetu yalikuwa yanatetemeka mpaka tulipoketi chini.

Mzee hakutukemea. Alikuja akauchomoa mshale, akaufuta udongo, akauangalia ncha yake, akaurudisha katika podo. Kisha akauchukua upinde, akaukunja kidogo juu ya paja lake na kuulegeza upote. Alisema upinde haulali na upote uliokazwa. Unalegezwa, unatundikwa juu, mahali ambapo mtoto hafiki, na mishale hukaa mbali nao. Alisema hilo kama mtu anayetaja jambo la kawaida, kama kufunika chakula. Hakujua kwamba alikuwa amejibu swali lililotushinda uani.

Mkwe wetu alinyamaza mpaka tulipokuwa garini. Kisha akasema kwa upole, "Mjomba, uwanjani jambo lile lingenifukuzisha. Kanuni yetu ya kwanza ni kujua kilichoko nyuma ya shabaha."

Tukamuuliza kanuni nyingine. Akazihesabu kwa vidole, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Kila bunduki uihesabu kuwa imejaa, hata kama umetoka kuitazama. Mtutu usiuelekeze kwenye kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kisiguse kifyatuo mpaka macho yamekaa kwenye shabaha. Na ujue kilichoko mbele na nyuma ya shabaha yako. Halafu akaongeza la tano, ambalo alilisema kwa fahari: uwanjani mtu yeyote, awe mgeni, awe kijana, awe mpiga chai, akiona hatari akapaza sauti kuamuru kusimama, basi wote husimama hapo hapo. Hakuna anayemuuliza yeye ni nani. Hata bingwa huondoa kidole.

Tulipita mwendo mrefu bila ya kusema. Kisha tukamwambia, "Mwanangu, mkeo amepaza sauti wiki mbili kabla ya Ramadhani. Mbona wewe hukusimama?"

Hakujibu. Nasi hatukumshurutisha, kwa kuwa mikono yetu ilikuwa bado ina baridi ya mshale ule.

Usiku huo tulirudi katika hadithi tulizozisoma tangu utotoni, safari hii tukizisoma kwa swali la mpwa wetu. Tukaona kwamba Mtume (S.A.W.) hakufundisha kulenga tu. Amepokea Abu Musa al-Ash'ari kwamba aliamuru apitaye misikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake kwa kiganja, asije akamdhuru Muislamu. Amepokea Jabir kwamba alikataza upanga kupokezanwa ukiwa nje ya ala yake. Amepokea Abu Huraira kwamba alikataza mtu kumwashiria nduguye kwa silaha, kwani hajui huenda shetani akauteleza mkono wake; na kwamba Malaika humlaani afanyaye hivyo hata kama anayeashiriwa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Ibn Umar alipowakuta vijana wa Kikureshi wamemfunga ndege wakimlenga kwa mishale, aliwaambia kuwa Mtume amemlaani anayekifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Tulizihesabu. Hadithi za kuhimiza kulenga tulizozihifadhi ni chache. Zile za kuzuia mkono zilikuwa nyingi zaidi, nasi kwa miaka yote tulikuwa tukizisomesha katika mlango mwingine, kana kwamba hazihusiani. Yule aliyesema nguvu ni kulenga ndiye aliyesema zishikeni ncha. Mwenye kuchukua neno la kwanza akaliacha la pili hakuchukua Sunna, amechukua nusu yake iliyompendeza.

Siku iliyofuata tulikwenda Homa Bay, ambako tulikuwa tumeahidi darsa ya akina mama. Mkwe wetu ndiye aliyetupeleka, naye akaketi nje ya ukumbi akisikiliza. Ziwa lilikuwa limetulia, na Mlima Homa ulionekana kama kichuguu kikubwa juu ya maji. Walikuwapo akina mama wa mjini na wengine waliotoka Kendu Bay, mji wa Waislamu wa siku nyingi kando ya ziwa hilo. Tuliwasimulia kisa cha mshale bila ya kuficha.

Binti mmoja aliuliza kama mchezo huu ni wa wanaume peke yao. Tulimjibu kwamba sivyo, mradi stara na adabu zimehifadhiwa. Katika michezo ya Olimpiki ya London ya 2012, Bahya Al-Hamad, mlengaji wa bunduki, ndiye aliyeibeba bendera ya Qatar mwaka wa kwanza nchi hiyo kupeleka wanawake. Na Nur Suryani wa Malaysia alisimama kulenga huku ana mimba ya miezi minane. Wakacheka, na mmoja akasema huyo mtoto wa tumboni ndiye aliyesikia kanuni mapema kuliko wote.

Ndipo bibi mmoja wa makamo, aliyekuwa amenyamaza nyuma, akainua mkono. Alisema hajui bunduki, lakini anajua manati. Mjukuu wake alipoteza jicho kwa jiwe la manati lililorushwa na mwenziwe, mtoto wa jirani, wakilenga kopo juu ya ukuta. Hakuna aliyekuwa na ugomvi na mwenziwe. "Walikuwa wanacheza," alisema. "Na mama wa yule aliyerusha, tangu siku ile, hapiti mlangoni kwangu, ingawa mimi nimemsamehe."

Tuliwakumbusha hadithi ya Abdullah bin Mughaffal: Mtume alikataza kurusha vijiwe kwa vidole, akieleza kuwa kijiwe hicho hakiwindi mnyama wala hakimjeruhi adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Kumbi ilikuwa kimya. Kupitia dirishani tulimwona mkwe wetu ameinamisha kichwa, akichora chora ardhini kwa ncha ya kiatu.

Tulirudi Migori kabla ya Magharibi. Hatukumwambia auze, wala hatukumwambia asiuze. Tuliketi sote watatu sebuleni, na tukaweka mezani kanuni moja ya wanazuoni ambayo kila mwanafunzi wa fiqhi huihifadhi, kwamba kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Manufaa ya mchezo wake hatukuyakana. Unamtuliza, unamfundisha subira, na ni halali. Lakini utulivu anaoupata yeye mara moja kila miezi miwili usinunuliwe kwa usingizi wa mkewe wa kila usiku. Tukamwambia kwamba uwanjani ana msimamizi ambaye akipaza sauti yeye husimama. Nyumbani pia yuko msimamizi, ambaye Mtume amemwita mchunga wa nyumba ya mumewe na mwenye kuulizwa juu ya uchunga wake. Ikiwa Allah atamuuliza, basi mume hana haki ya kumficha kile atakachoulizwa.

Mkwe wetu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamgeukia mkewe, si sisi, akasema, "Nilicheka siku ile. Nisamehe." Naye mpwa wetu, aliyekuwa amejiandaa kwa mabishano, alilia.

Waliafikiana hivi. Bunduki ilitoka nyumbani wiki ile ile, ikawekwa kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni mpaka mambo yawe tayari. Kabati liliunganishwa na ukuta kwa nati za chuma, na kufuli la ufunguo likaondolewa, likatiwa la namba ambazo anazijua mwenye cheti peke yake. Risasi zikapata kasha lao mbali na bunduki. Mkewe hashiki silaha wala risasi, kwa kuwa sheria haimruhusu asiye na cheti. Lakini ana haki ya kuuliza saa yoyote, na haki ya kuonyeshwa kwamba pamefungwa. Akisema mara moja tu kwamba hana amani, bunduki inarudi kwa muuzaji bila ya mjadala, kama vidole vinavyoondoka uwanjani. Na gharama za safari na risasi ziandikwe katika daftari la matumizi ya nyumba, karibu na karo za watoto, zionekane na wote wawili.

Mtoto naye hakuachwa. Baba yake alimketisha, akamwambia kwa maneno machache: ukiiona bunduki popote, iwe ya baba, ya askari au ya rafiki, usiiguse, ondoka hapo, mwambie mtu mzima. Akamfanya alikariri kama anavyokariri sura fupi.

Enyi mama zetu, huenda mkasema kwamba sisi huku pwani hatuna bunduki majumbani, na kisa hiki ni cha watu wa mbali. Wachache wanazo, na wanaojua ni wachache zaidi. Jueni kilichomo ndani ya nyumba zenu. Mkienda kuzuru, na watoto wenu wakienda kucheza kwa jamaa, si utovu wa adabu kuuliza. Na nyinyi waume, mkeo akiuliza ufunguo uko wapi, hakudharau uanaume wako. Amekuamrisha kusimama, nawe simama kwanza, maswali baadaye. Na sisi masheikh tujifunze kwamba si kila anayekuja na swali anataka dalili ya uhalali. Mwengine anataka kujua mishale italala wapi.

Wiki iliyopita mpwa wetu alitupigia simu. Tulimuuliza kama anapata usingizi. Akasema bunduki imerudi, na kwamba siku hizi hana haja ya kuuliza, kwa kuwa kila usiku baada ya Isha mwanawe humtangulia. Husimama mlangoni mwa chumba, mikono nyuma, akamwuliza baba yake: "Baba, pamefungwa?" Na baba yake huinuka alipoketi, akaenda kutazama, hata kama ametoka kutazama.

Twamwomba Allah azihifadhi nyumba zetu, wazazi na watoto, na amhifadhi yule msichana wa njia ya mtoni, ambaye jina lake hatukumuuliza. Amin.